Uchambuzi: Taulo za Jikoni Zilizofumwa kwa Mkono, na Nakshi Inayokausha Sahani

Ndugu watazamaji, karibuni katika uchambuzi wa bidhaa ambayo huenda wengi wenu mmeiona katika maduka ya kazi za mikono huko Marekani au Ulaya ya kaskazini, mkaishika, mkatazama bei yake, kisha mkairudisha rafuni. Ni taulo ya jikoni yenye nakshi, iliyofumwa kwa mkono kwenye kitanda cha kufumia kinachosimama sakafuni. Hapa mezani ninazo nne. Zote ni kazi ya mfumi mmoja wa mji wa Berea, jimbo la Kentucky, zote ni za pamba, na zote zimekaa jikoni kwangu muda wa kutosha kufuta sahani, glasi, sufuria na meza, na kufuliwa mara nyingi. Swali nililoiuliza kila moja ni lile lile: nakshi yake inaisaidia kazi ya taulo au inaizuia?

Nauliza hivyo kwa sababu nakshi ya taulo hizi haikuongezwa juu ya kitambaa. Khanga hupigwa chapa baada ya kitambaa kufumwa, na rangi ile ikichujuka, kitambaa kinabaki kuwa kile kile. Hapa, almasi, mistari ya pembepembe na vishimo mnavyoviona ni njia zilizopitwa na uzi wenyewe, kwa hiyo anayechagua nakshi anachagua pia unene wa taulo, ulaini wake, kiasi cha maji itakachonywa na namna itakavyochakaa. Wauzaji wengi hawalielezi jambo hili. Wao husifu rangi.

Tuanze na chombo chenyewe, maana bila kukifahamu hatutaelewa kwa nini taulo moja ni bora kuliko nyingine. Kitanda cha sakafuni ni fremu kubwa ya mbao, na mfumi huketi mbele yake kwenye benchi. Nyuma kuna mhimili unaozungushiwa nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, na mbele kuna mwingine unaopokea kitambaa kilichokwisha kufumwa. Katikati zinaning'inia fremu nyembamba, kwa kawaida nne, kila moja ikiwa na waya nyingi zenye jicho, na kila uzi wa mtande hupitishwa katika jicho moja la fremu moja tu. Chini yako makanyagio. Katika aina inayotumika sana Marekani, ukikanyaga moja, fremu zilizofungwa nalo huinuka pamoja na nyuzi zake, na katika uwazi unaopatikana kati ya nyuzi zilizopanda na zilizobaki chini hupitishwa kidau cha mbao kinachobeba uzi wa mshindio, ule unaoukatiza mtande kwa upana. Kisha kitana cha chuma huvutwa mbele ili kuushindilia uzi huo mahali pake. Miguu ndiyo inayoinua fremu, kwa hiyo mikono hubaki huru kwa ajili ya kidau na kitana, na hilo ndilo linalokifanya kitanda hiki kiende haraka kuliko kile kidogo cha mezani ambacho fremu zake huinuliwa kwa mkono.

Hata hivyo, haraka hiyo huja baada ya maandalizi marefu. Uzi unaotumiwa sana kwa taulo ni pamba iitwayo 8/2, ambapo 8 huonyesha kiwango cha wembamba wa uzi na 2 huonyesha kwamba nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Kwa kitambaa sahili cha moja juu na moja chini, wafumi wengi hupanga nyuzi 20 katika kila inchi, na kwa kitambaa cha mshazari huongeza hadi 24. Taulo yenye upana wa inchi 20, yaani kama sentimita 51, ikifumwa kwa mshazari inahitaji nyuzi 480, na kila uzi lazima upitishwe katika jicho lake kwa mpangilio usiokosewa, kisha upitishwe tena katika kitana. Ndiyo sababu hakuna mfumi mwenye akili timamu anayekiandaa kitanda kwa ajili ya taulo moja. Hutanda mtande wa kama mita 5, akafuma taulo nne mfululizo, huku akijua kwamba kipande cha mwisho cha mtande kisichoweza kufumika kitapotea bure.

Sasa tuitazame taulo ya kwanza, yenye mistari ya pembepembe kwenye ncha na almasi katikati. Huu ni ufumaji wa mshazari: uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya nyuzi mbili, na katika mstari unaofuata husogea hatua moja, kama mnavyoweza kuona mkikitazama kwa karibu kitambaa cha suruali ya jinzi. Nyuzi za mtande zimetiwa katika fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha zikarudi ya tatu na ya pili, na kuanza upya. Mfumi akikanyaga makanyagio yake kwa mfuatano wa kwenda mbele tu, hupata pembepembe. Akikanyaga kwenda mbele na kurudi, hupata almasi. Hakuna uzi hata mmoja wa mtande uliohamishwa kati ya ncha na katikati ya taulo hii, na tofauti yote mnayoiona ilifanywa na miguu. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa chombo hiki, kwamba maandalizi yale marefu yakishakamilika, mfumi anaweza kubadili sura ya kitambaa kila anapotaka bila kukata chochote.

Kiutendaji taulo hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kwa kuwa uzi hausongwi na mwenzake katika kila hatua, nyuzi huweza kukaribiana zaidi na bado kitambaa kikawa laini na chenye kujikunja kwa urahisi ndani ya glasi au bilauri. Tazameni pia almasi zenyewe: urefu wake unalingana kutoka upindo mmoja hadi mwingine. Hicho ni kipimo cha mkono wa mfumi, maana kitana kikivutwa kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, almasi za juu huwa bapa na za chini hurefuka. Angalieni na kingo. Katika mshazari, uzi wa mwisho pembeni mara nyingi haukamatwi na mshindio, hivyo mfumi makini huongeza uzi mmoja kila upande usiopitishwa katika jicho lolote, na kukizungusha kidau juu yake au chini yake yeye mwenyewe. Kingo za taulo hii zimenyooka, hazina vitanzi vinavyochungulia nje.

Taulo ya pili ni ya vishimo vya mraba, ile ambayo wengi wenu mmeiona ikitengenezwa kwa mashine. Hapa nyuzi ndefu zinazoruka juu ya wenzake, za mtande na za mshindio, hujenga kuta, na katikati hubaki kishimo. Jambo la ajabu ni kwamba ikiwa bado kitandani, kwa sababu mtande umekazwa, taulo hii huonekana karibu bapa. Vishimo huumbika inapolowekwa katika maji ya moto, nyuzi zikalegea na kuvutana, na katika kulegea huko kitambaa kinaweza kupoteza hata robo ya upana wake. Mfumi asiyelipangia hilo huishia na taulo inayofaa kikombe kimoja. Hii niliyo nayo imepangwa vizuri, na kwa kunywa maji inazishinda nyingine zote, kwa kuwa kuta zile huongeza sehemu inayogusa maji. Ukiiweka juu ya maji yaliyomwagika mezani, huna haja ya kusugua. Udhaifu wake ni kwamba huchelewa kukauka, na ncha ya uma hupenda kuzinasa zile nyuzi ndefu. Kwa vyombo vya plastiki na sufuria ni taulo bora, lakini kwa vijiko na uma mimi ninaiweka kando.

Ya tatu sitaichelewesha. Ni ile inayoitwa hakabaki, iliyojengwa kwa mafungu ya nyuzi tano tano, ambapo sehemu za ufumaji sahili huishikilia imara na miruko mifupi huipa uso wa chembechembe. Haina mvuto wa mbali, na dukani utaipita. Lakini hukausha upesi, haiachi vumbi la nyuzi kwenye glasi, na kwa ustahimilivu inajulikana hata hospitalini, kwani taulo za muundo huu, zikifumwa kwa mashine, hutumika katika vyumba vya upasuaji.

Taulo ya nne ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo ninayoilalamikia. Mwili wake ni ufumaji sahili, na karibu na kila upindo kuna taraza pana ya uzi mnene wa buluu, unaoruka juu ya nyuzi nyingi kwa wakati mmoja ili kuchora maua na magurudumu. Hutumika vidau viwili kwa zamu, kimoja cha uzi mwembamba unaokishikilia kitambaa, kingine cha uzi mnene wa nakshi. Nakshi hizi zina historia ndefu katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambako wanawake walizifuma kwa sufu juu ya pamba ili kupata mashuka mazito ya kujifunika. William Goodell Frost, aliyekiongoza Chuo cha Berea kuanzia 1892 hadi 1920, aliipa kazi hiyo soko, na mashuka hayo yalipokelewa kusaidia kulipia masomo ya vijana wa milimani. Chuo hicho hadi leo kina karakana ambamo wanafunzi hufuma. Kwa shuka, nakshi hiyo inafaa kabisa. Kwa taulo inayokutana na visu na uma kila siku, uzi mrefu ulio huru ni mtego, na hapa pembeni mnaona ulivyokwisha kuvutwa. Mtu akikupa zawadi taulo ya namna hii, itundike kwenye mpini wa mlango wa oveni na ifutie mikono.

Kuhusu uzi, ulizeni kama pamba imetiwa mng'ao au la. Mwingereza John Mercer aligundua katika miaka ya 1840 kwamba pamba ikipitishwa katika magadi makali hubadilika, na njia hiyo ndiyo chanzo cha uzi wa pamba unaong'aa kama hariri. Hupendeza macho, lakini wafumi wa taulo hupendelea pamba isiyong'arishwa, laini na yenye manyoya kidogo, kwa sababu hunywa maji upesi zaidi. Wengine huchanganya pamba na kitani. Kitani hukauka haraka, haimwagi nyuzi kwenye glasi, na huzidi kulainika kadiri inavyofuliwa.

Bei, kwa kawaida, ni kati ya dola 30 na 50 kwa taulo moja nchini Marekani. Ni ghali, sikatai, na khanga kuukuu iliyokatwa vipande hukausha sahani kwa gharama ya bure. Lakini kwa kazi niliyoieleza, nyuzi 480 zilizopitishwa moja moja, nadhani ya mshazari inastahili bei yake, na ya vishimo nayo inastahili kwa mwenye jikoni lenye maji mengi. Kwa ile ya taraza nisingelipa zaidi ya bei ya pambo. Kabla ya kulipa, geuzeni upindo: uwe umekunjwa mara mbili, ukiwa mwembamba kwa sababu mfumi alitumia uzi mwembamba zaidi sehemu hiyo, na si donge linalokataa kulala.

Msishangae taulo mpya ikisukuma maji badala ya kuyanywa. Pamba bado ina nta yake ya asili, na kufua mara chache kwa maji ya moto huiondoa. Msitumie dawa ya kulainisha nguo, maana huufunika uzi kwa utando unaozuia maji. Ya mshazari na ya hakabaki zinaweza kupigwa pasi. Ya vishimo isiguswe na pasi kabisa, kwa kuwa pasi huzilaza kuta zake, na itawabidi muiloweke tena katika maji ya moto ili zisimame.