Sensa ya joto ya inkubeta: nilitaka kuipa sifuri, ngoja kwanza

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Nilinunua ile sensa ya joto (sio sensa ya watu na makazi jamani, nasema kale kawaya keusi kenye kichwa cha chuma mbele, unakachomeka kwenye kibodi, sio cha kompyuta, ni kabodi kadogo ka umeme chenye namba nyekundu) hapa Arusha mjini, duka silitaji, wanauza redio, taa za sola na vikorokoro vya mafundi. Mambo ya volti na nini mtasoma kwenye boksi lake, mi ni mfuga kuku, naongelea mayai yangu 60.

Inkubeta, ile ya kutotolesha vifaranga, niliunda mwenyewe, boksi la mbao, balbu mbili, feni ya kompyuta mbovu. Kibodi nikakiseti 37.5, balbu zikawa zinawaka zinazima zenyewe, raha tupu. Sasa shetani akanipitia, nikajiuliza hivi hii namba nani kaithibitisha? Nikampigia chalii wa dukani. Akanitumia vois, tena kwa kujiamini kabisa, anasema mzee chemsha maji, tumbukiza kichwa cha sensa kwenye maji yanayotokota, lazima isome 100, ikisoma pungufu nenda kwenye P4, ile seti ya kurekebisha namba kwenye kibodi, uongeze kilichopungua.

Nikachemsha. Sufuria inatokota mpaka mfuniko unaruka, sensa inasoma 95.2. Nikangoja, 95.2. Nikaongeza mkaa, mama watoto ananiangalia tu, 95.2. Nikasema hawa jamaa wameniuzia fake! Nikaingia P4 nikaongeza 4.8, ikaja 100 safi, nikajiona injinia. Mayai yakaingia usiku huo huo, trei moja ya kuku wangu chotara na moja nimenunua Ngaramtoni.

Siku ya saba hivi namulika kwa tochi, hamna kitu. Ile mishipa inayosambaa kama utando wa buibui sioni, yai jeupe tu kama limetoka dukani. Siku ya kumi vile vile. Nikalaumu umeme, nikalaumu yule mama wa Ngaramtoni, mwisho nikamlaumu jogoo, kwamba amezeeka hapandi vizuri. Jogoo tukamla Jumapili na ndizi. Naomba mkumbuke huyo jogoo.

Siku 21 zikapita, 22, 23, hata mlio mmoja hamna. Nikaanza kupasua moja moja nyuma ya nyumba, na harufu ile mnaijua. Mengi yalikuwa na kaduara kembamba ka damu ndani, maana yake mbegu ilikuwepo, vifaranga vilianza vikafa vikiwa hata havijapata umbo. Kwa hiyo jogoo hakuwa na kosa. Hapo ndo nikaanza kuandika hii rivyuu, nikaweka nyota sifuri, nikaandika maneno ambayo nimeyafuta.

Aliyenifungua macho ni mama watoto, hata hakuhangaika. Alichukua kile kipimajoto cha homa cha mtoto akakiweka ndani ya boksi, akafunga, kikalia kale kamlio, akanipa nisome. 32.6. Na kibodi pale juu kinaniambia 37.5 bila aibu. Nyuzi tano nzima! Mayai yangu yalikuwa yanalala baridi wiki tatu.

Nikachukua sensa, sufuria na hasira zangu nikaenda kwa jirani, mwalimu wa fizikia sekondari. Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, baba, nani kakuambia maji ya hapa kwetu Sakina yanachemka 100? Hiyo ni Tanga, ni Dar, kule usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu, hewa haikandamizi sana kama kule chini, maji yanachemka mapema kwenye 95. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza nyuzi moja. Hata Moshi mjini, pamoja na joto lao lote, ni kama 97. Shemeji yangu anapikia watalii mlimani Kilimanjaro, nikampigia kuhakikisha, akasema kumbe hujui, pale Kibo Hut, mita 4,700 na ushee, maji yanatokota vizuri lakini wali unakuwa kama changarawe. Kwa hiyo watu wote wanajua isipokuwa mimi na yule chalii wa dukani.

Yaani sensa ilikuwa inasema kweli. Ilisema 95.2 na ilikuwa 95 kweli, mimi ndo nikaifundisha kusema uongo.

Mwalimu akatoa barafu akaiponda, akaweka na maji kidogo kwenye glasi, akakoroga, akarudisha P4 sifuri, akatumbukiza sensa. Ikashuka taratibu, 3, 2, 1, ikasimama 0.3. Akasema barafu inayoyeyuka ni sifuri Arusha, sifuri Tanga, hiyo haidanganyi. Na akaniambia kitu kimoja kimenikaa kichwani: wewe shida yako ni 37, kwanini uende kuipimia kule 100? Linganisha na kile cha homa, kimetengenezwa kwa ajili ya joto hilo hilo.

Basi nikarudi dukani. Sikutaka hela, nilitaka tu aseme samahani mzee. Yule chalii hata macho hajainua kwenye simu, ananiambia, "Nani kakutuma ukaguse P4? Hivyo ni vitu vya mafundi." Nikamwambia wewe. Anakataa. Nikaitoa vois nikaiweka spika, wateja watatu wanasikia, sauti yake na ile "mzee" yake ya kuvuta. Unajua alisema nini? Hiyo sio yangu, ni ya bro, huwa anashika simu yangu. Nusura nimzabe kibao.

Kwa hiyo sensa naipa nyota nne, hapana, tatu na nusu, maana kale kawaya ni kafupi na boksi langu kubwa. Duka sifuri. Na mimi mwenyewe sijui nijipe ngapi, nilisoma hiyo kitu darasani nikasahau. Awamu ya pili nilitumia mayai 30 kwa woga, wametoka 23, wanapiga kelele hapa ninapoandika.

Juzi nimepita pale dukani namkuta anamfungia mama mmoja sensa ile ile na anamwambia ukifika chemsha maji. Nikamuuliza mama, unakaa wapi, akasema Ilboru, huko juu kabisa. Nikamwambia usichemshe mama, ponda barafu. Chalii akaninunia. Halafu nikanunua nyingine ya akiba pale pale, maana yeye ni elfu kumi na mbili na wenzake wote elfu kumi na nane.