Maji yalitoka siku moja, ukuta ukakauka siku ya tisa: uzoefu wangu na kampuni ya kukausha nyumba, Msasani

Tangu niweke zile picha status watu hawaishi kuniuliza kama ile kampuni ya kukausha nyumba inafaa kweli au ni kuliwa hela tu, kwahiyo naandika mara moja niache kurudia kwa kila mtu. Jina lao siweki maana kuna sehemu nitawasema.

Sisi tunakaa Msasani Bonde la Mpunga, jina lenyewe linajieleza, panaponyesha maji yanakuja kwetu kwanza. Masika ya 2024 kila mtu wa Dar anayakumbuka, ile mvua ya El Niño. Siku ya kwetu ilikuwa Aprili, ilinyesha usiku kucha na bahati mbaya zaidi ilikuwa bamvua, mitaro ya huku yote inaelekea baharini sasa bahari ikishajaa maji hayana pa kwenda, yanasimama halafu yanaanza kurudi nyuma polepole kama mtu aliyesahau kitu. Alfajiri mama kaniamsha, hata hakupiga kelele, kanambia tu "mwanangu, ndala zangu zinaelea."

Nikawasha tochi ya simu, kweli zinaelea. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu, baadae yakafika katikati ya muundi, yakasimamia kama vidole vinne chini ya soketi. Hapo nikashukuru Mungu maana swichi kubwa iko barazani juu ya ngazi, nikazima umeme nikiwa nimesimama pakavu. Ingekuwa chumbani ningeacha hivyo hivyo nikawapigie TANESCO, sigusi.

Na nisijifanye nina msiba mkubwa. Mwezi ule ule Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alisema bungeni watu 155 wamefariki nchi nzima kwa mvua hizo. Sisi tulipoteza makochi.

Sasa jirani yetu wa kulia, mzee mmoja mpambanaji sana, ana pampu yake ya petroli, akaanza kupampu asubuhi ile ile. Anatoa maji sebuleni anamwaga barabarani, na barabarani maji yako juu kuliko sebule yake, kwahiyo yanazunguka geti yanarudi ndani. Mpaka saa nane mchana amemaliza petroli na maji yako palepale. Mimi nilikuwa najiandaa kumuazima hiyo pampu aisee.

Nikapiga simu kampuni tatu. Ya kwanza wakaniuliza vyumba vingapi, wakanitajia bei hapo hapo. Ya pili haikupokea. Hii ya tatu dada aliyepokea akaniuliza maswali mpaka nikaona ananisumbua: maji yameingia saa ngapi, ni ya mvua tupu au chemba ya choo nayo imefurika, sakafu ni taili au saruji, silingi imelowa, na nje maji yameshuka? Nikamwambia nje bado. Akasema basi dada hatuji leo, tukija tutakula hela yako bure, maji ya nje yakishuka chini ya kizingiti nipigie. Nilikasirika sana. Nikaangalia nje nikamuona yule mzee na pampu yake, nikanyamaza.

Kesho yake maji yakashuka. Wakasema saa nne, wakaja saa tisa alasiri, hilo nawakata alama, najua barabara zilikuwa mbovu lakini simu si ipo jamani. Walikuja vijana wanne na fundi mkuu, wakamwamkia mama vizuri, shikamoo mama, pole na maji, halafu fundi akapiga picha kila chumba kabla hawajagusa kitu. Kutoa maji kwenyewe hakuna cha kusimulia, pampu, kisha ile mashine ya kunyonya maji sakafuni, kisha mipira ya kusukumia, masaa mawili na nusu sakafu imeonekana. Nikajua tumemaliza. Mama keshatoa sukari apike chai.

Fundi akatoa kidude kidogo kama rimoti, akakibandika ukutani juu kabisa, usawa wa swichi ya taa, kikasoma 14. Akaniambia "dada huu ndio ukuta wako ukiwa mkavu, shika hiyo namba." Akashuka chini karibu na sakafu. 81. Akapanda kidogo kidogo, ile namba kubwa iliendelea mpaka usawa wa goti langu, wakati alama ya maji ukutani iko chini ya hapo. Tofali linanyonya, maji yanapanda ndani kwa ndani. Akachora mstari na penseli kila chumba. Hapo ndo nilielewa nimelipia nini, yani maji uliyokuwa unakanyaga hata kibarua wa elfu sitini anakutolea, shida ni yale yaliyoingia kwenye ukuta.

Chemba ilikuwa imefurika kweli, harufu mlikuwa mnaisikia tangu getini. Kwahiyo kila chenye sponji kikatolewa nje, makochi, zulia, magodoro mawili, hawakutaka mjadala. Makabati ya jikoni ya MDF, zile mbao za unga wa mbao na gundi, yalishavimba chini kama mkate uliolowa, yakang'olewa. Milango ya mninga haikuwa na shida, wakasema iachwe ikauke taratibu isipigwe feni moja kwa moja itapinda. Wakaosha sakafu na kuta kwa sabuni kwanza halafu ndo klorini, mimi siku zote nilikuwa namwaga klorini juu ya tope, kumbe uchafu unaila hiyo dawa kabla haijafanya kazi.

Vita ilikuwa godoro la mama. Godoro la sufi, la zamani, amelijaza upya mwenyewe sijui mara ngapi. Fundi akasema mama hili limekunywa maji ya choo haliwezi kusafishika, mama akasema litaanikwa. Jua lenyewe liko wapi. Akalikalia. Jamani alikaa juu ya godoro bichi barazani kama nusu saa, vijana wanapita pembeni yake wamebeba makochi hawamwangalii. Fundi akaenda akachuchumaa, sikusikia alichomwambia, mama akanyanyuka akaomba mkasi akakata kipande cha ule mfuko wa godoro, kile cha maua, akaingia nacho ndani kwenda kukifua. Lile godoro likaondoka. Ila kumbuka kuuliza kabla nani anabeba taka, mimi sikuuliza, wao wakaziacha nje ya geti nikamlipa mwenye guta elfu thelathini.

Sasa kukausha. Wakaleta feni nne za chini, zile fupi nene zinazopuliza zikiwa zimelala, zikaelekezwa ukutani kwa upande, na mashine mbili za kunyonya unyevu hewani. Halafu wakafunga madirisha yote. Hapa ndo patamu, maana sisi wote wa pwani tumelelewa kwamba nyumba ikilowa fungua madirisha hewa iingie. Fundi akasema hewa ipi mama, masika hii hewa ya nje imelowa kuliko ya ndani, ukifungua unamwagilia ukuta. Feni inatoa maji ukutani inayapeleka hewani, mashine inayavuta inayapitisha kwenye bomba la baridi, yanageuka matone kama kwenye chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji, yanadondoka kwenye ndoo. Kimoja bila mwenzake hakuna kitu, feni peke yake inazungusha unyevu tu kutoka chumba hiki kwenda kile.

Mama hakuamini. Usiku akaamka akafungua dirisha la chumba chake, na mbaya zaidi asubuhi nikamkuta analeta jiko la mkaa aliweke chumbani lisaidie. Fundi alipofika akalitoa nje mwenyewe, ndo mara pekee nilimsikia amekaza sauti, nyumba imefungwa madirisha unaweka mkaa unawaka watu wanalala, moshi hata huuoni na hamuamki. Alafu akamwonesha mama ndoo. Mashine ya sebuleni ilijaa ndoo ya lita ishirini usiku mmoja, ya chumba cha mama hata nusu haikufika na ukuta wake haujashuka hata kidogo. Mama kaichungulia ile ndoo kama kisima. "Haya yote yalikuwa hewani?" Kuanzia hapo yeye ndo akawa polisi wa madirisha, mtu akifungua mlango wa mbele kidogo tu anaitwa jina lake lote.

Hayo ndo mazuri. Sasa hasira zangu.

Ya kwanza umeme. Fundi umeme alikagua soketi zote kabla hawajawasha chochote, sawa, safi. Lakini hakuna aliyeniambia hizo mashine zinakula vipi, zinawaka masaa ishirini na nne, LUKU ilikuwa inaondoka uniti kama hamsini kwa siku. Siku ya pili umeme ukakatika mchana, wakaleta jenereta, nikaona watu wa maana hawa. Kuja kuona ankara, jenereta elfu themanini kwa siku, siku tatu, laki mbili na arobaini, haikuwepo kwenye makubaliano. Na siku ya tatu umeme ulirudi saa nne asubuhi! Tukabishana, wakatoa siku moja. Andikishaneni kila kitu kabla, hata kwa meseji.

Ya pili ndo imeniudhi zaidi. Siku ya nne asubuhi wakaja vijana bila fundi mkuu, wakapima katikati ya kuta, wakasema dada kumekauka tunatoa vitu vyetu. Nilichofanya ni kumwomba yule kijana apime nyuma ya kabati la nguo la chumba cha mama, lile kubwa ambalo siku ya kwanza walilisogeza kidogo wakachoka. 68. Akapima tena kama vile kidude kimekosea. 71. Nikampigia fundi mkuu hapo hapo, hata salamu sikumpa, na kwa haki yake alikuja siku ileile, akasogeza kabati mwenyewe, nyuma kulikuwa kumeshaanza madoa ya ukungu ya kijani kama uwanja wa mpira. Akasema siku mbili tu zinatosha ukungu kuanza mahali pasipopita hewa. Wakaacha mashine moja na feni mbili mpaka siku ya tisa bila kuongeza hela, ila nisingeuliza wangeondoka, na mimi ningerudisha nguo za mama kwenye lile kabati.

Kabla ya kumaliza fundi alibandika sakafuni kipande cha nailoni, pembe zote kwa gundi ya utepe, sehemu tatu, tukaviacha mpaka kesho yake. Viwili vilikuwa vikavu. Cha karibu na bafu kilikuwa na matone ya maji kwa ndani, kwahiyo pale feni ikabaki siku moja zaidi. Hii hata wewe unaweza kufanya bila kumlipa mtu, nailoni za mifuko zilipigwa marufuku 2019 lakini ile inayofunika godoro jipya inafaa sana. Fanya kabla hujarudisha zulia.

Na fundi wa rangi asikuharakishe. Wangu alikuja wiki ileile anataka kupiga rangi kwa sababu ukuta "umependeza". Wiki mbili baadae ukaanza kutoa unga mweupe chini kote, chumvi hiyo, maji ya huku yana chumvi, ukuta ukikauka yenyewe inatoka nje. Inapigwa brashi kavu inafagiliwa, ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Nilisubiri mpaka Julai, kipindi cha upepo wa kusi, ukuta ukauke kabisa ndo nikapiga rangi, mpaka sasa haijabanduka.

Hela: laki tisa kazi yenyewe vyumba vitatu na sebule, jenereta laki na sitini baada ya ugomvi, guta thelathini, LUKU sijapiga hesabu vizuri. Kwangu ilistahili kwa sababu ya choo kufurika na kwa sababu mama ana kifua. Kama ni maji ya mvua tupu yameingia nusu siku, nyumba ni taili na tofali, na ni kipindi cha kipupwe si masika, mimi ningechukua vibarua na pampu halafu ningewaomba hawa wanikodishe mashine moja na feni mbili tu, nimeuliza wanakodisha. Nyota nawapa tatu na nusu, ingekuwa yule fundi mkuu peke yake tano.

Na ekstensheni yao ya mita ishirini bado iko stoo kwangu, nimewapigia mara mbili wanasema watapita.