Mzima Springs, Tsavo West: watu wa Mombasa nendeni mkaone maji yenu yanakotoka

Yani kama wewe ni wa Mombasa na hujawahi kufika Mzima Springs (chemchemi zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo West) panga uende, manake maji ya mfereji tunayooga na kupikia, sehemu yake inatoka hapo hapo kwa bomba lililojengwa miaka ya 50, zaidi ya kilomita 200 mpaka mjini.

Kufika: unaingia geti la Mtito Andei (treni ya SGR inasimama hapo lakini ndani ya mbuga lazima uwe na gari), alafu ni kama kilomita 48 za vumbi. Unaposhuka unapewa askari mwenye bunduki anakutembeza kwa miguu, na msimwache mbali sababu viboko na mamba wako kweli. Wetu alikuwa mtu safi sana, hana haraka, maswali yote ya watoto alijibu.

Sasa hayo maji jamani! Pande zote ni mawe meusi ya volkano na miti imekauka, alafu ghafla mikindu, tumbili, na maji yanang'aa mpaka unahesabu samaki. Kuna chumba cha vioo kimezama ndani ya bwawa, unashuka ngazi unawaona samaki wakipita mbele ya macho yako. Viboko mchana hawasogei hapo, watafute juu, utaona masikio tu na mapovu.

Kilichonikaa zaidi ni pale askari alipotuonyesha milima ya Chyulu. Mvua na ukungu wa msitu wa kule juu unazama kwenye mawe yenye matundu, unachujwa chini kwa chini, ndio unatokea Mzima. Kwahiyo mtu akichoma makaa Chyulu au moto ukila msitu, mfereji wetu wa Mombasa uko hatarini pia, na sisi tayari tunanunua maji kwa mitungi! Kulinda bwawa peke yake haitoshi, ule ukame wa 2009 viboko wengi walikufa hapo na maji yakiwepo, nyasi ndio ziliisha.

Nyota tano kutoka kwangu. Walimu wa Mombasa naomba sana, trip ya shule ijayo iwe huku. Nendeni asubuhi, jua la saa sita ni kali, na chupa za plastiki msibebe, haziruhusiwi mbugani.