Mombasa au Dar es Salaam: mzigo wa bara upitie wapi?

Kwa mfanyabiashara wa Kampala, umbali unaibeba Mombasa: kama kilomita 1,170 kwa barabara, wakati njia ya Dar inazidi hapo kwa mamia. Ukiwa Kigali mizani inageuka, Dar ni karibu zaidi. Na wa Lusaka? Hapo hakuna mjadala, Dar.

Penye utamu ni kutegemewa. Mombasa hupokea shehena nyingi zaidi, lakini vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 ziliikata njia na Uganda ikakaukiwa mafuta. Huenda Kampala haikusahau: mwaka 2016 iliamua bomba lake la mafuta ghafi, kilomita 1,443, liende Tanga, siyo Lamu. Nairobi ilinuna, na ilikuwa na haki ya kununa. Dar nayo ilisifika kwa foleni za meli, hadi DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, iliposaini mkataba wa kuendesha sehemu ya gati mwaka 2023.

Reli mpya ya kisasa (SGR) ya Kenya hutumia dizeli, ya Tanzania umeme. Uganda haijafikiwa na yoyote, hivyo mizigo mingi bado hupanda lori.

Mwenye kontena moja Kampala aende Mombasa. Mwenye mamia, ningemshauri agawanye, hasa mwaka wa uchaguzi.