Nimenunua viatu vya askari wa Kirumi, haya ndiyo maoni yangu

Watu wengi wakitaka vitu vya jeshi la Kirumi wanakimbilia upanga na ile kofia ya chuma yenye manyoya mekundu juu, halafu vinaishia kutundikwa ukutani vinapigwa vumbi. Mimi nikaenda kwenye viatu. Zinaitwa kaliga, yale makubazi mazito ya ngozi yenye misumari chini, ukiangalia askari waliochongwa kwenye Nguzo ya Trajan kule Roma (ilizinduliwa 113 BK) unaona vidole vyao vinachungulia nje. Nilitaka kujua mtu anatembeaje na kitu kama hicho kutoka mpaka mmoja wa dola hadi mwingine.

Muuzaji simtaji kwa sababu nina malalamiko naye kidogo, na wanaouza nakala za namna hii mtandaoni wako kibao. Tangazo lake lilisema ni nakala ya karne ya 1, ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, soli ya tabaka tatu, misumari ya chuma. Kwenye ngozi hajadanganya aisee. Nzito, ina harufu yake kamili ya ngozi, na imekatwa inavyotakiwa, yaani sehemu yote ya juu ni kipande kimoja tu kilichochanwa kikawa mikanda mikanda, mshono uko nyuma kwenye kisigino, halafu kamba moja inapita kwenye vitanzi vyote kuanzia vidoleni inapanda mpaka juu ya kifundo cha mguu. Siku ya kwanza kuvifunga utatukana. Ukishazoea ndio unaona akili ya mtu aliyebuni, maana mguu ukivimba katikati ya safari unalegeza hapa unakaza pale, kiatu kinakufuata wewe. Na maji, jamani maji! Unavuka dimbwi, yanaingia, yanatoka, unaendelea na safari, wakati buti la kufunika lingekuwa limeshageuka ndoo na unatembea nayo mguuni hadi jioni.

Sasa tuje kwenye misumari maana hapo ndipo palipo na kesi. Kaliga za zamani zilizochimbuliwa zina misumari mingi kweli, makumi kwa makumi kwa kila mguu, kuna zinazofika 80 au 90, vichwa vyake vya mviringo vimepangwa karibu karibu hasa kisiginoni na chini ya vidole ambapo uzito unaangukia. Zangu zina 48 kwa kila mguu, na zimetawanywa kama mtu alikuwa anaharakisha kufunga duka. Hilo ningelimeza. Ambalo silimezi ni ncha. Msumari unapigwa upite tabaka zote za soli, kisha ncha yake inapindwa irudi kulala ndani ya ngozi, hapo hautoki na wala haukuchomi. Kwenye kiatu changu cha kulia misumari mitatu ya kisiginoni ilikuwa haijapindwa vizuri, ukisimama tu husikii kitu, ukianza kutembea kwa kasi unasikia kitu kinakubisha hodi kwenye nyama. Fundi viatu akaipiga upya na akaongeza mingine nikiwa nimekaa hapo hapo nasubiri, ila kazi hiyo ilikuwa ya muuzaji sio yangu, na nilipomwandikia akanijibu eti viatu vya kale ndivyo vilivyokuwa.

Sio kweli, havikuwa hivyo. Lakini kuna kitu kimoja angeweza kujitetea nacho kama angekuwa anasoma historia. Kaisari Diocletian mwaka 301 alitoa amri ya bei za juu kabisa zinazoruhusiwa kwa dola nzima, orodha ndefu ajabu, kuanzia nafaka mpaka mishahara, na viatu vimo. Kaliga za kijeshi zimeandikwa denari 100 (denari ni pesa ya Kirumi), na pembeni imeandikwa wazi, bila misumari. Kibarua wa shambani kwenye amri hiyo hiyo anapewa denari 25 kwa siku na chakula juu. Kwa hiyo kiatu cha askari ni kazi ya siku nne za kibarua, na bado hujanunua misumari! Naona ile tabia ya kukuuzia kitu halafu sehemu muhimu inalipiwa kivyake ni ya zamani kuliko nilivyodhani.

Na msifikiri askari alikuwa anapewa bure. Kuna karatasi ya mafunjo iliyopatikana Misri, ya mwishoni mwa karne ya 1, ni hesabu za mshahara wa askari, unaona kabisa makato yake, chakula drakma 80 (pesa iliyotumika Misri), viatu na mikanda drakma 12, na mshahara ulikuwa unalipwa mara tatu kwa mwaka kwa hiyo hizo 12 zinakatwa kila awamu. Yaani viatu vilikuwa vinaisha na wahasibu wa jeshi wanajua vinaisha. Baada ya kuvaa hivi naelewa kwa nini. Vichwa vya misumari vinalika haraka kwenye njia ya changarawe, na vingine vinachomoka huko huko njiani bila wewe kujua. Wachimbaji wa mambo ya kale wanavipenda sana hivyo vilivyodondoka, pale Alesia nchini Ufaransa ambapo Julius Caesar alimzingira Vercingetorix, kiongozi wa Wagali, mwaka 52 KK vimeokotwa, na vingine upande wa chini wa kichwa vina alama za msalaba na vitone, askari keshaoza zamani na msumari wake bado unasema alipita wapi.

Kwenye kutembea kwenyewe niseme hivi: udongo, nyasi, kilima chenye matope, hakuna kiatu changu kingine kinachoshika ardhi namna hii, unapanda kama mbuzi. Ila ingia nacho kwenye marumaru au jiwe lililosuguliwa uone. Unateleza vibaya na kelele juu, kraa kraa kraa, watu wote wanageuka. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa zama hizo, anasimulia kisa cha akida mmoja anaitwa Julianus kwenye vita vya Yerusalemu mwaka 70, jamaa shujaa kupindukia, aliruka peke yake akawakimbiza wapiganaji wa Kiyahudi mpaka kwenye kona ya ua wa ndani wa hekalu, Tito mwenyewe, jemadari wa Warumi, anatazama kutoka ngome ya Antonia kando ya hekalu, halafu viatu vyake vya misumari vikateleza kwenye sakafu ya mawe, akaanguka chali na silaha zake zote zikalia, wale waliokuwa wanakimbia wakasikia wakageuka wakammaliza. Nilikuwa nasoma kile kisa naona kama chumvi imeongezwa. Sasa hivi kila nikikaribia sakafu laini nashika ukuta, kwa hiyo mkivinunua sakafu za ndani ya nyumba msahau, mtaziharibu na mtavunjika kiuno.

Mwandishi Vegetius anasema kuruta wa Kirumi alitakiwa atembee maili 20 za Kirumi ndani ya masaa matano ya kiangazi, hiyo ni kama kilomita 30, na ikiwa ni mwendo wa kasi zaidi maili 24, na azoezwe kubeba mzigo wa hadi ratili 60 za kwao ambazo ni kilo 20 hivi. Hayo masaa ya kiangazi ya Warumi ni marefu kuliko yetu kwa sababu walikuwa wanagawa mchana kwa 12 hata uwe mrefu kiasi gani, kwa hiyo usiogope sana hesabu, inafika masaa sita na kitu. Mwendo wenyewe ukiwa bila mzigo sio wa kutisha. Mzigo ukiwepo mgongoni soli inakuwa ngumu kama ubao maana haina sponji wala nini, kila jiwe linakupa salamu, na malengelenge yanaanza pale kamba inapokata juu ya kidole gumba. Dawa yake ni soksi. Najua kuna watu watacheka, makubazi na soksi, lakini pale Vindolanda, ngome iliyo karibu na Ukuta wa Hadrian kule Uingereza, kuna barua ya kwenye kibao chembamba cha mti ambapo mtu anamwambia mwenzake amemtumia soksi, jozi mbili za makubazi na chupi mbili. Askari wa Roma kwenye baridi ya kaskazini alikuwa anasubiri kifurushi cha nguo za ndani, ukivaa hizi kaliga asubuhi yenye umande unamwelewa kabisa.

Kichekesho kingine ni cha Kaisari Vespasian. Kulikuwa na wanamaji wanaotembea kwa zamu kutoka Ostia na Puteoli mpaka Roma, wakaenda kuomba posho ya viatu maana vinaisha. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasema Kaisari akaamuru tangu siku hiyo wawe wanakimbia pekupeku. Nimekumbuka hilo nilipokuwa nabishana na muuzaji kuhusu misumari nikaona afadhali yangu.

Tangazo lake lina uongo mwingine mdogo, anaandika hivi ndivyo viatu vya jeshi la Kirumi kwa miaka yote ya dola. Sio kweli. Mwanzoni mwa karne ya 2 askari walikuwa wanaziacha taratibu wanahamia kwenye viatu vya kufunika mguu mzima, jina likabaki kwenye makaratasi. Kwa hiyo kama unaigiza jeshi la akina Constantine, makaisari wa karne ya 4, usijisumbue, lakini kama ni enzi za Augusto hadi akina Nero na Vespasian upo sahihi kabisa. Anazo za watoto pia, na hizo ukinunua ujue historia yake, Gaius mdogo alivalishwa vijiviatu vya namna hiyo kwenye kambi ya baba yake Germanicus kule mto Rhine, askari wakampa jina la utani Caligula, akakua nalo, akawa Kaisari mwaka 37, na mwaka 41 walinzi wake wenyewe wakamuua.

Matunzo ni rahisi ila usiwe mvivu, paka mafuta ngozi ikishakauka kivulini, usianike juani itapasuka, na misumari uifute kabla hujaweka kabatini la sivyo kutu itachora ramani kwenye kila kitu kilichopo jirani.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ngozi na ukataji tano, misumari mbili, huduma kwa mteja tuiache. Namba chukua ile ile unayovaa siku zote kama ni mguu mtupu, ukitaka kuvaa na soksi panda moja, na usiogope vikibana mwanzoni kwa sababu ngozi inatanuka ikishalowa na kukauka mguuni. Kabla hujalipa mwambie muuzaji akupigie picha ya ndani ya soli kwa karibu uone ncha za misumari zimelala, akianza kuzungukazunguka tafuta mwingine.