Taulo la shilingi 25,000 na Mark X yangu nyeusi

Kwanza nijitetee: mimi si mtu wa kununua kila kidude cha gari. Mark X yangu ni ya mwaka 2010, imenibeba Tabata hadi Posta kwa miaka mitano sasa, na muda wote huo nikiiosha nyumbani nilikuwa naikausha kwa khanga kuukuu. Khanga iliyofuliwa mara mia inakuwa laini, nani atabisha? Mpaka siku moja ya Januari nikaegesha juani saa saba mchana, nikarudi na mfuko wangu wa machungwa, nikakuta boneti nzima imejaa mikwaruzo ya duaraduara, kama buibui kahamia pale na ukoo wake.

Fundi wa rangi alifungua boneti, akanionyesha kibati chenye namba ya rangi: 202, nyeusi ya Toyota. Kisha akachukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, akasugua kwenye kona ya buti. Kitambaa kikageuka cheusi. "Umeona, dada? Hii haina kilia juu, lile tabaka angavu la kulinda rangi. Ukikwaruza, unakwaruza rangi yenyewe." Na hata ninyi ambao gari zenu zina kilia msijione mmepona. Tabaka lile huwa kama mikroni 40 au 50 tu (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na kila mkiita fundi wa kupiga polishi anawapunguzia.

Sitaisingizia khanga peke yake. Katikati ya wiki gari huwa naipeleka kwa vijana wa kuosha, na siku hiyo baada ya kutoka kwa fundi nilikaa kwenye benchi nikaangalia vizuri wanavyokausha. Kijana alikuwa na tambara moja. Akafuta paa, akafuta milango mpaka kule chini karibu na matairi kwenye mchanga wote, kisha akarudi nalo juu kwenye boneti. Katikati ya kazi likamdondoka. Akaliokota, akalikung'uta mara mbili, akaendelea.

"Dogo, hilo si limeanguka chini?"

"Nimelikung'uta, bosi."

Jumamosi yake nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea, nikanunua taulo la maikrofaiba la kukaushia magari. Ni kubwa, sentimita 60 kwa 90, rangi ya kijivu, nyuzi zake zimesokotwa kama vijirasta vidogo. Muuzaji alianza na 35,000, tukamalizana kwa 25,000. Lebo inasema polista asilimia 80 na poliamaidi 20, na uzito wa gramu 1200 kwa mita ya mraba.

Hapo kwenye gramu nilitilia shaka, maana kazi yangu ni hesabu. Taulo la ukubwa huo ni mita ya mraba 0.54, kwa hiyo lingepaswa kuwa na gramu 648. Nikalipeleka dukani kwa Mangi, akaliweka kwenye mzani wake wa sukari. Gramu 432. Yaani ni kama 800 kwa mita, si 1200. Mangi akaniuliza kama nauza. Kwa hiyo lebo ni ya uongo, mjue hilo, ila kazini halijaniangusha hata kidogo.

Linavyonyonya maji ni kama linadaiwa. Nalitandaza lote juu ya boneti, naliacha lilale pale sekunde chache, halafu nashika pembe mbili na kulivuta taratibu kuelekea kwangu bila kukandamiza. Linapopita panabaki pakavu, labda na ukungu mwembamba unaopotea wenyewe. Upande mmoja wa taulo unatosha paa na boneti, nageuza upande wa pili kwa buti na vioo. Hakuna kusugua, na hakuna ile mizunguko ya mkono tuliyofundishwa kwa kufutia meza.

Ila msilipe taulo sifa zote. Nusu ya kazi inafanyika kabla halijagusa gari, na haihitaji hela. Nikimaliza kusuuza naondoa ile pua ya mpira wa maji, naacha maji yatoke polepole kuanzia juu ya paa. Badala ya kutapakaa vitone vitone, maji yanashikana yanakuwa shuka moja na kuteremka pamoja. Mara ya kwanza nilisimama kuyatazama kama mtoto. Yanayobaki ni kidogo sana, na taulo halina cha kuhangaika nacho.

Kuna atakayesema sasa kwa nini usiache jua likaushe, gari halitaguswa na kitu kabisa. Kwetu haifai. Maji tunayoogea sisi ni ya kisima, ukiyachemsha birika linaota gamba jeupe. Yakikaukia kwenye gari, maji yanaondoka, gamba linabaki, kila tone na duara lake. Madoa mapya nayatoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, napangusa na kusuuza hapohapo. Yale yaliyokaa wiki nzima juani yameshakula rangi na siki haiyawezi. Ndiyo maana naosha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bati likiwa bado la baridi, chini ya mwembe wa jirani. Mwembe nao una ndege wake, lakini hiyo kesi nyingine.

Kabla ya taulo hili nilijaribu ile ngozi bandia inayouzwa ndani ya kopo la plastiki. Inakausha vizuri, sikatai. Shida ni kwamba haina manyoya, ni laini tupu, kwa hiyo chembe ya mchanga ikinasa haina pa kujificha, inaburuzwa tu juu ya rangi. Halafu nilisahau kufunga kopo. Baada ya siku tatu nikaikuta imekakamaa kama ng'onda. Ukiiloweka inalainika tena, ila imani yangu ilishaondoka.

Malalamiko sasa. Kwanza, kwa mtu wa urefu wangu, taulo hili ni kubwa mno. Likishashiba maji linakuwa zito, na nikiwa kwenye milango ncha yake inaning'inia na kutaka kugusa ardhi. Lilishagusa mara mbili, na mara zote mbili nililiweka pembeni nikamalizia na kitambaa kingine, kwa hasira. Pili, lebo imeshonwa pembeni kwa uzi mgumu wa nailoni. Nimeikata kwa wembe kabla ya kulitumia. Tatu, lilitoa rangi na vinyoya kwenye mfulo wa kwanza, kwa hiyo msilitoe dukani moja kwa moja hadi kwenye gari.

Na matunzo yake ni ya kitoto kichanga. Nalifua peke yake kwa sabuni ya maji kidogo. Dada wa nyumbani aliwahi kuliloweka na nguo pamoja na ile dawa ya kulainisha yenye harufu nzuri, likatoka linanukia waridi na maji halinyonyi, linayasukuma tu. Ilibidi nilifue mara tatu kwa maji ya vuguvugu ndipo akili zikalirudia. Pasi haligusi, ni plastiki lile, litayeyuka. Halianikwi uani pia, upepo wa Tabata una vumbi lake. Linakauka chumbani nyuma ya mlango.

Kwenye vioo vya pembeni, vitasa na mpira wa buti, maji hujificha na kuchuruzika ukishamaliza, ukiondoka tu unaona mchirizi mlangoni. Huko natumia kitambaa kidogo tofauti, na kingine kwa rimu, cha rangi nyekundu ili asikosee mtu yeyote.

Ningelinunua tena taulo hili? Ndiyo, lakini si ukubwa huu. Nimesharudi Gerezani nikachukua dogo la 40 kwa 60, shilingi 12,000, na ndilo ninalotumia milangoni. Mikwaruzo ya zamani bado ipo, fundi anataka 150,000 kuipunguza na sijaamua. Mipya sijaiona, na kila Jumapili saa saba natoka kuiangalia.

Mdogo wangu kaja juzi kuniazima taulo akaikaushie bodaboda yake. Nimempa khanga.