Kiendelezi Kinachochora Historia ya Kuvinjari kama Grafu

Kwa majuma matatu nimetumia kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinachochukua historia ya kurasa nilizotembelea na kuichora kama grafu, kila ukurasa ukiwa nukta na kila kiungo nilichobofya kikiwa mstari kati ya nukta mbili. Nilikitafuta kwa sababu orodha ya kawaida, ile inayopanga kurasa kwa saa, ilikuwa imenishinda: nakumbuka kwamba niliifikia makala fulani nikitokea kwenye makala nyingine, lakini orodha hainionyeshi nilitokea wapi, na vichupo sita vilivyofunguliwa kwa pamoja huchanganyika humo hadi uzi wa kila kimoja unapotea.

Habari ya asili ya kila ziara imo ndani ya kompyuta tayari. Kivinjari cha Firefox huhifadhi historia katika hifadhidata ya SQLite, aina ya hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, na Chrome vilevile. Katika zote mbili kila ziara ina rekodi ya wakati wake, namna ukurasa ulivyofikiwa, na ziara iliyouzaa. Kiendelezi hiki kinaisoma rekodi hiyo na kuiweka mbele ya macho, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Siku moja nilikuwa nikisoma jinsi nyuki wanavyoelekezana kwenye maua, nikapitia ukurasa mzuri kuhusu mwanga wa jua na dira ya wadudu, kisha nikaupoteza. Neno nililokuwa nikilitafuta halikuwamo katika kichwa chake, hivyo kutafuta ndani ya orodha hakukusaidia. Katika grafu nilibofya nukta ya nyuki, nikafuata tawi la pili, nikaupata.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye injini ya utafutaji. Kwa kuwa safari nyingi huanzia hapo, nukta yake hugeuka kitovu kinachoshika karibu kila kitu, na mada zisizohusiana kabisa huonekana kama ndugu. Upo mpangilio unaoufanya kila utafutaji kuwa nukta yake, nao huisafisha picha mara moja. Sioni sababu ya kuuacha umezimwa tangu mwanzo. Aidha, anwani iliyonakiliwa na kubandikwa hukata njia, kwa sababu kivinjari hakiandiki kwamba ilitoka kwenye ukurasa uliotangulia.

Mchoro wenyewe hupangwa kwa mfano wa nguvu: nukta husukumana, mistari huzivuta pamoja kama springi, hadi vyote vitulie. Kwa historia ya wiki moja matokeo yanasomeka vizuri, na unaweza kuburuta nukta au kukuza sehemu bila kusubiri. Kwa nukta 5,000, hata hivyo, jozi za kusukumana zinakaribia milioni 12.5, na kiendelezi kilionekana kuzihesabu zote, maana kompyuta yangu ililemewa na skrini ikabaki na rundo lisilosomeka. Linalonisumbua zaidi ni kwamba nukta hukaa mahali papya kila ninapofungua grafu, kwa hiyo jicho haliwezi kukariri kwamba mada fulani iko kushoto juu.

Kuhusu faragha, nilifuatilia mawasiliano yake kwa siku mbili kupitia zana za kivinjari, na sikuona data yoyote ikitumwa nje. Ningekiondoa papo hapo kama ningeiona, kwa maana historia ya kuvinjari hufichua maradhi, hofu na mipango ya mtu.

Mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alipoieleza memex, mashine aliyoiwaza tu, alitaka msomaji aweze kuunganisha nyaraka kuwa njia, kuipa njia hiyo jina, na kuirudia baada ya miaka. Kiendelezi hiki kinaonyesha njia lakini hakikuruhusu kuipa jina wala kuihifadhi, na upungufu huo ni mzito kwa anayetumia Chrome, ambayo kwa kawaida hufuta historia iliyopita siku 90. Njia yangu ya nyuki nimelazimika kuihifadhi kama picha ya skrini, ambayo haibofyeki.